Chai Nyeusi ya Kashikishi

Juzi mteja aliingia dukani kwangu hapa Mansa, amebeba begani kipande cha bomba la pampu. Mimi ninauza vifaa vya maji: mabomba, mipira, valvu na vyuma vya kuunganishia. Akakilaza kwenye kaunta, akataka kingine cha unene ule ule. Ndani ya bomba mlikuwa na utelezi wa rangi ya chungwa, laini kama uji, na harufu yake ilinifikia kabla sijauliza urefu anaoutaka. Ilikuwa harufu ya chuma kilicholowa, ya tope la kinamasi, na kwa mbali ya majani yaliyooza. Nilisimama pale kwa muda, yule mteja akadhani ninakadiria bei. Kumbe nilikuwa nimerudi Kashikishi, bandari ya wavuvi ziwani, nina miaka minane, na mama yangu amebakiza siku chache avuke ziwa aniache.

Mama alikuwa mtu wa ng'ambo. Alizaliwa upande wa Congo, akaja Kashikishi kuuza samaki, akaolewa na baba ambaye ni mwenyeji, akabaki. Baba alifanya kazi migodini Solwezi na kuja nyumbani mara chache kwa mwaka, kwa hiyo sehemu kubwa ya utoto wangu tulikuwa wawili. Kwa mama nilisema Kiswahili cha kwao. Kwa watoto wenzangu nilisema Kibemba, na shuleni Kiingereza cha kukariri. Bandarini Kiswahili kilitosha kununua na kuuza, kwa sababu kila mwenye samaki alikijua kidogo. Hakikutosha kujitetea.

Alikuwa na meza ya chai karibu na mahali mitumbwi inapovutwa pwani, chini ya turubai la bluu. Wavuvi waliorudi alfajiri walipita kwake kabla ya kwenda kulala. Walikuja nguo zimelowa, magamba yamewaganda mikononi, wakanywa chai ya rangi yenye sukari nyingi na kula vitumbua vya moto. Pembeni wanawake walianika chisense, wale samaki wadogo kama sindano, juu ya mchanga, na jua lilipopanda harufu yao iliingia hata kwenye sukari. Maji ya chai mama aliyateka ziwani, akayachemsha mara mbili.

Kisha ikaja pampu. Kipindupindu kilikuwa kimetusumbua, basi wakatumwa watu wenye mashine ya kuchimba kisima kirefu mtaani kwetu. Walichimba siku mbili, na siku zote mbili nilikuwa pale. Udongo wa kwanza ulitoka mwekundu kama ule wa barabarani. Ukafuata wa kijivu, halafu mweusi wenye kunuka, na chini kabisa mchanga wenye maji. Jioni ya pili waliacha bomba la plastiki limesimama ardhini, mdomo umefunikwa kwa mfuko tu, wakaenda kula. Mimi nilitaka kujua shimo limefika wapi. Mfukoni nilikuwa na kufuli bovu la sanduku la mama, zito, limeshaanza kutu. Niliufungua mfuko, nikaliachia. Kukawa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, halafu nikasikia chubwi moja ndogo huko chini. Nikaufunga mfuko na kukimbia. Kesho yake wakafunga pampu, na sikumwambia mtu.

Miezi ya mwanzo hapakuwa na malalamiko. Mvua zilipoanza, maji yakabadilika. Yalitoka pampuni maangavu, lakini ukiyaacha kwenye ndoo, baada ya muda yanaingia ukungu wa chungwa, na chini yanatua mashapo mepesi kama unga wa kutu. Shati langu jeupe la shule likawa rangi ya embe bivu. Bukari, yaani ugali wetu, iliyopikwa kwa maji yale ilitoka na madoa. Wanawake pampuni walisema kisima kimechimbwa juu ya kaburi na kile ni damu. Mimi niliwasikiliza nikijua wamekosea. Nilikuwa nimewahi kuona jembe lililosahauliwa ndani ya beseni la maji wiki nzima, na jinsi beseni lilivyogeuka jekundu. Nikapiga hesabu ya kitoto: kama jembe limeharibu beseni, kufuli limeharibu kisima. Kila nilipoona mtu anamwaga maji mekundu, niliona kufuli langu likiyeyuka chini kule.

Mvua hizo hizo zilifanya ukingo wa ziwa kuwa tope tupu, na mama akaanza kuteka maji ya chai pampuni. Yeye alikuwa wa kwanza kila siku, kabla hata jogoo hawajaamka vizuri. Asubuhi ya kwanza alipotia majani, chai haikuwa nyekundu. Kwa mwanga wa moto ilikuwa nyeusi yenye ubluu, kama wino wa kalamu iliyopasuka. Alidhani majani ni mabaya, akafungua pakiti nyingine. Ikawa vilevile. Wavuvi walikuwa wamefika, kiza bado, wana baridi, akawamiminia. Ba Shichanda, jirani yetu wa nyumba ya tatu, alikunywa vikombe viwili. Kulipopambazuka wale wenzake waliangalia ndani ya vikombe vyao, wakaviweka chini mmoja mmoja.

Mchana Ba Shichanda alishikwa na homa, akatapika. Mkewe, Bana Chanda, yaani mama Chanda, alikuja mezani kwetu akiwa bado ana unga wa muhogo mikononi. Alimwita mama kwa jina langu, kama ilivyo desturi, akasema polepole, kwa Kiswahili cha sokoni, ili mama asikose kuelewa.

“Bana Mwelwa, uliweka nini mu chai ya bwana yangu?”

“Majani na sukari,” mama alimjibu. “Nitaweka nini ingine?”

“Mimi nateka ku pampu moja na weye. Chai yangu iko muzuri. Batu bote chai yao iko muzuri. Juu ya nini ya weye peke yako iko nyeusi?”

Mama aligeuka akaiangalia sufuria yake, na hilo ndilo lililommaliza. Zahanati walimpima Ba Shichanda wakakuta malaria, wakampa dawa, siku ya nne akawa anatembea. Neno la uchawi lilikuwa limeshatembea kumzidi. Watoto waliacha kuja kucheza kwetu. Asubuhi moja tulikuta turubai limepakwa matope. Kisha wakaja wazee watatu wa mtaa, watu wapole, mmoja wao mzee wa kanisa letu. Walivua kofia, wakaketi, wakauliza habari za baba. Mwisho yule wa kanisa akasema kwa heshima, “Mukwai, sisi hatusemi weye ni mulozi. Tunasema wende kwenu kidogo, maneno ipoe.”

Mama aliwashukuru kwa kuja. Walipoondoka akaniambia yeye atavuka na boti ya Jumamosi, na mimi nitabaki kwa dada ya baba ili nisikose shule. Alisema mwezi mmoja. Nilimwangalia akikunja nguo zake na kuacha zangu kwenye kamba, na nikajua si mwezi mmoja.

Ndipo nilipomwambia. Nilisema yote: mfuko, kufuli, kimya, chubwi. Nilisema, “Mama, ni mimi niliharibu maji.” Nilingoja kofi. Badala yake alinishika kidevu, akaniinua uso.

“Ulisema kwa nani?”

“Kwa mutu hapana.”

“Donc, basi, usiseme. Kwa mutu hata mumoja. Hata kwa baba yako.”

Aliniachia, akaendelea kukunja nguo. Hakunisemesha tena mpaka jioni. Nilielewa kama mtoto anavyoelewa: kwamba kosa langu limepita kiasi cha kupigwa, na kwamba anaondoka kwa sababu hataki kuishi na mimi.

Alhamisi fundi wa maji alifika kwa pikipiki. Watu walikuwa wamepeleka habari za maji mekundu wilayani, Nchelenge, na aliyetumwa alikuwa mwanamke mmoja kijana, Madamu Ngosa, amevaa mabuti ya mpira, ana sanduku lenye chupa ndogo. Kiswahili alikijua kama sisi, kwa sababu alikulia Mununga, ambako baba yake alinunua samaki kutoka kwa Wacongo. Alifungua pampu na kuanza kutoa mabomba moja baada ya jingine, akisaidiwa na vijana wawili. Kila bomba lilitoka na ule utelezi wa chungwa na harufu ile. Mimi nilisogea mpaka miguuni kwake. Nilikuwa nangoja kufuli litoke, na nilitaka niwe wa kwanza kulichukua.

Vijana walipokwenda kupumzika, akaniuliza, “Weye, toka asubuhi unatafuta nini humu?”

Nilikuwa nimekatazwa. Lakini Jumamosi ilikuwa kesho kutwa. Nikamwambia.

Hakucheka. Aliuliza kufuli lilikuwa kubwa kiasi gani, nikamwonyesha kwa ngumi yangu. Akafikiri, akajifuta mikono, akasema, “Twende kidogo.”

Tulishuka nyuma ya madimbwi ambamo wanawake huloweka muhogo. Pale ukingo wa ardhi ulikatika, na maji yalikuwa yakivuja taratibu kutoka chini, kama jasho. Palikuwa pote pa rangi ya chungwa, pamejaa utelezi kama pamba iliyolowa, na juu ya vidimbwi kulikuwa na utando uliong'aa rangi nyingi. Nilipajua tangu zamani. Sisi watoto tulisema boti moja ya zamani ilizikwa pale na bado inamwaga mafuta.

“Hapa nani alitupa kufuli?” aliuliza.

Nilitazama ukingo mzima.

Akanipa kijiti. “Piga ile inayong'aa.”

Nilipiga. Utando ukapasuka vipande vipande vyenye kona, kama ganda la yai, na vile vipande vikabaki vimetengana.

“Mafuta ya injini ukiyapiga, yanarudi yanaungana,” alisema. “Hii hairudi, kwa hiyo si mafuta. Ni kazi ya vijidudu, vidogo mpaka jicho haliwezi kuona. Vinakula chuma.”

“Chuma ya kufuli?”

“Chuma iliyo mu maji. Unaona, maji ya chini iko na chuma ndani, lakini imeyeyuka kama chumvi, kwa hiyo unaona maji safi tu. Ikipanda juu ikikuta hewa, vijidudu vinaishika, vinapata nguvu, vinaacha kutu. Hii yote nyekundu ni mabaki ya chakula yao.”

Niliuliza nani alitia chuma ndani ya maji kama si mimi. Nadhani swali lile lilimfurahisha, maana alichuchumaa. Akasema udongo wetu wote mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya kutu. Chini, penye tope jeusi la majani yaliyooza, hewa haifiki, na huko kuna vijidudu vya namna nyingine ambavyo, vikikosa hewa, vinatumia kutu ile badala yake, kama sisi tunavyotumia pumzi. Vikiitumia, chuma kinafunguka na kuingia majini, na udongo unabaki wa kijivu. Nikakumbuka ule udongo uliotoka siku ya kuchimba, na nikamwambia: mwekundu, halafu kijivu, halafu mweusi. Akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. “Basi uliona kuliko wale waliochimba,” alisema. Vya chini vinafungua chuma, vya juu vinakifunga tena, na kazi hiyo ilikuwa inaendelea kabla ya Kashikishi kuwa na mtu. Kufuli langu, alisema, lingehitaji kuwa kubwa kama nyumba.

Nilipaswa kufurahi, lakini tukirudi njiani nililia. Nikamweleza kwamba hata hivyo mama anaondoka, kwa sababu chai yake peke yake ndiyo inakuwa nyeusi, na watu wanasema ameiroga.

“Mama yako anateka saa ngapi?”

“Mbele ya batu bote.”

Akasimama pale pale njiani. “Maji yanalala mu mabomba usiku muzima,” alisema, zaidi akijisemea mwenyewe. “Ile ya kwanza ndiyo mubaya kuliko yote. Na majani ya chai yakikutana na chuma yanageuka wino.” Akaniuliza nyumba yetu ni ipi. Nilimwonyesha kwa mbali, nikaogopa kumfuata, nikabaki kwenye madimbwi ya muhogo mpaka pikipiki yake ilipoondoka. Kabla ya kuondoka alirudisha mabomba mahali pake, akawaambia wale wazee watatu kwamba mtu yeyote asiguse pampu tangu jioni mpaka yeye arudi.

Ijumaa asubuhi alikuwa pale kabla ya jua. Watu walikuja wengi, kwa sababu waliambiwa wasiteke na walitaka kujua sababu. Mama alikuja pia, akasimama nyuma kabisa, chitenge kimefungwa kifuani. Madamu Ngosa hakutoa hotuba. Alimwomba Bana Chanda alete sufuria yake, mbaula yake ya makaa na majani yake ya chai kutoka nyumbani kwake. Bana Chanda alisita, lakini macho yote yalikuwa kwake, akaenda akaleta. Akaambiwa ateke yeye mwenyewe, awe wa kwanza, achemshe, atie majani kwa mkono wake.

Chai ya Bana Chanda ilikuwa nyeusi. Nyeusi yenye ubluu, vilevile kama ya mama.

Nilimwona Bana Chanda akiikoroga kwa kijiko, kana kwamba rangi ingeondoka. Kisha vijana wakapampu, ndoo baada ya ndoo, wakimwaga chini, mpaka mikono ikachoka. Akaambiwa ateke tena na apike tena. Ya pili ilitoka ya kahawia, chafu kidogo, lakini chai. Ndipo Madamu Ngosa akaeleza kwa Kibemba, kwa maneno machache, habari ya chuma, maji yaliyolala na vijidudu.

Yule mzee wa kanisa alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. “Basi kumbe kweli kuna kitu hai huko chini kinachokula. Si tulisema kuna kitu?”

“Mulisema ni mutu, mukwai,” Madamu Ngosa alimjibu.

Kabla ya kwenda alitufundisha kutengeneza pipa la kuchuja. Maji yanamwagwa kutoka juu kupitia kopo lenye matundu ili yapate hewa nyingi, yanaachwa yatulie kutwa, halafu yanapita kwenye mchanga. Mama aliweka pipa lake nyuma ya nyumba, na kutu ikawa inabaki juu ya mchanga kama ngozi nyekundu, ambayo mimi niliikwangua kila Jumamosi. Boti ya Jumamosi ile ya kwanza iliondoka bila mama. Ba Shichanda alirudi mezani baada ya siku chache, akanywa chai amesimama, akiangalia ziwa. Wengine hawakurudi kamwe, na wawili watatu waliendelea kuvuka barabara wakimwona. Hakuna aliyeomba msamaha. Bana Chanda alikuja siku moja na ndoo, akauliza ni mchanga gani unaofaa kwa pipa. Mama akamwambia wa ziwani, ila auoshe mpaka maji yatoke safi. Akaenda naye kuuchota.

Tangu hapo nimesoma kidogo kuhusu mambo yale, kadiri muuza mabomba anavyoweza. Nimesoma kwamba jamaa za vijidudu hivyo hutafuna mawe yenye shaba na kuiachilia, na kwamba kuna milima ya chuma duniani ambayo huenda ilianza kama utelezi wa aina ile, ukatua chini ya maji miaka isiyohesabika. Ninauza mabomba ya plastiki kwa wenye maji kama yetu, na huwaambia wamwage ndoo za kwanza za asubuhi. Wengi hunisikiliza kwa adabu tu.

Kwa mama sikuwahi kurudia habari ya kufuli. Nilikua nikiamini kwamba alinisamehe kimya kimya, au alisahau. Mwaka jana nilimtembelea, tulikuwa tumeketi tunachambua chisense, nikamwuliza kwa nini siku ile hakunipiga.

Alishangaa. “Nikupige juu ya kufuli?” Akaendelea kuchambua. Halafu akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Katika mtaa wao kule ng'ambo, yeye akiwa msichana, kulikuwa na mtoto wa kike aliyefiwa na nyanya yake. Watu wakasema mtoto ndiye aliyemla kwa uchawi. Wakamfukuza nyumbani, akawa analala sokoni. Mama alikuwa akimpelekea mkate. Siku moja alipeleka mkate asimkute, na hakuna mtu aliyeulizia.

“Mutu mukubwa wakimwita mulozi, anapanda bwato, anaenda,” alisema. “Mutoto anaenda wapi? Nilisema heri wabaki na jina yangu.”

Nilimwambia kwamba sikumtii. Kwamba nilimweleza yule fundi.

“Najua. Alikuya kuniambia, siku ile ile ya Alhamisi. Akasimama pale ku mulango, akasema, mutoto wako amenieleza kufuli. Nikamuuliza, utasema nini kwa batu? Akasema, nitasema kweli, ni vijidudu.”

Alipepeta ungo, akapuliza magamba.

“Nikaenda ku bandari mbele ya giza, nikaambia mwenye boti nafasi yangu apatie mutu mwingine.”

“Alhamisi?” nilimwuliza. “Chai ilipikwa Ijumaa. Ulikuwa hujui kama itatoka nyeusi.”

“Sasa hakuna mutu angekuita weye mulozi juu ya kufuli. Ile ya chai ilikuwa maneno yangu,” mama alisema. “Ningeweza kukaa nayo.”